Blanketi la Bata

Mtu anayevua blanketi la mtoto mchanga akauvalisha mgomba hawezi kuitwa mtu mwema, na mimi nimekataa kumwita hivyo tangu siku ile mpaka leo. Watu wa kanisani kwake walimwita mtakatifu. Wapangaji wenzangu walimwita mama yao. Waseme watakavyo, hawakukaa hospitalini siku tisa.

Sisi wote tulimwita Mwenye Nyumba, ingawa nyumba haikuwa yake. Ilikuwa nyumba kuukuu ya vyumba sita kule Umbilo, mjini Durban, Afrika Kusini, bati lake limepakwa rangi nyekundu iliyochujuka. Yeye ndiye aliyeandikwa kwenye mkataba wa agenti wa nyumba, kisha akatupangisha sisi chumba kimoja kimoja: Wakongo watatu, Mkenya mmoja fundi simu, na mimi Mtanzania wa Bukoba, msusi. Funguo zote alizivaa shingoni kwenye kamba ya kiatu. Ukitaka kuingia stoo umwombe, ukitaka kutoa pasi umwombe, na kila ukimwomba anakutazama kwanza miguuni kama umevua viatu.

Kwa maji ya moto alikuwa bahili wa kupindukia. Birika moja kwa mtu asubuhi, basi, kwa sababu umeme ulikuwa wa kulipia kabla. Lakini nimemwona kwa macho yangu, Julai, akitoka na beseni la maji ya uvuguvugu aliyochemsha yeye mwenyewe, anapita katikati yetu tulio na tauli mabegani, anaenda kuyamimina kwenye shina la mgomba. Tukimlalamikia anasema, "Ninyi muko na miguu. Mukisikia baridi mukimbie."

Migomba yake nayo haikuwa ya kawaida. Ndizi za Durban anazozijua kila mtu, zile za kumenya na kula, alizidharau kabisa. "Ndizi ya huku ni bonbon ya batoto," alisema, yaani pipi tu. Yeye alitaka makemba, zile ndefu za kupika na kukaanga ambazo sisi tunaziita mzuzu. Mche wa kwanza uliletwa kwa basi na muumini mmoja aliyetoka Lubumbashi, umeviringishwa kwenye gazeti, umelala chini ya sanduku siku zote za safari. Makemba ni watoto wa joto. Baridi ya Durban si ya barafu, lakini inatosha: Juni ikiingia upepo wa kusini unakuja na mvua yake, na mgomba unasimama kukua, majani yanakuwa ya njano pembeni, ukizembea moyo wake unaoza ndani kabla hujajua.

Mche ule wa kwanza tuliuua sisi wawili, na hilo nalikiri. Mwaka 2008, mwezi wa Machi, nilikuwa nina wiki mbili tu katika nyumba ile, akaniita nimsaidie kuchimba. Tulizunguka nyumba, tukachagua ukuta wa nyuma ambapo udongo ulikuwa mweusi. Yeye wa Bukavu, mimi wa Bukoba, watu wawili tuliozaliwa ndani ya migomba, hakuna aliyetuzidi maarifa. Huko kwetu jua linapita utosini mwaka mzima; ukuta ni ukuta, upande ni upande. Ilipofika Juni tukagundua kwamba jua la huku wakati wa baridi linahamia kaskazini na kukaa huko huko, chini chini, na ukuta wetu wa kusini haukuliona tena mpaka Septemba. Mche ulikufa kivulini, umeloa. Mkenya alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye Nyumba hakucheka. Alinunua dira ya mtoto wa shule, akaitundika shingoni pamoja na funguo.

Tangu hapo alipanda upande wa kaskazini tu, karibu na ukuta, ili ukuta uunywe moto wa mchana na kuutoa polepole. Alizungushia kila shina chupa za soda zilizojaa maji, zipate joto juani. Akaniamuru niwe namletea nywele zinazofagiliwa saluni, azitandaze chini kama matandazo. Nilimwambia nywele za bandia haziozi. "Leta," akasema. Nikawa napanda teksi, ndiyo daladala ya huku, kutoka saluni Overport na mfuko wa nywele miguuni, watu wakinitazama. Baada ya mwaka, ukipita ule ua ungeona rasta nyeusi na nyekundu zinachomoza kwenye udongo, na mtu wa maji aliyekuja kusoma mita alirudi getini mbio akasema hasomi mita ya nyumba hiyo.

Kiswahili changu alikidhihaki. "Unasemaka Swahili ya redio," aliniambia. "Mutu akiwa na njaa atakufa mbele umalize sentensi." Akikasirika alihamia Kifaransa, akikasirika zaidi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi. Neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, kwa lugha yoyote, ni samahani. Akikukanyaga, anakuuliza kwa nini mguu wako ulikuwa pale. Aliwahi kuunguza gauni la mpangaji mmoja kwa pasi. Alimshonea jingine, zuri kuliko la kwanza, akamrushia kitandani na kumwambia ajifunze kukunja nguo zake. Samahani hakusema.

Nisiseme uongo kwa sababu ya hasira. Mwaka ule ule wa 2008, wageni walipokuwa wanafukuzwa mitaani, wanaume sita walifika getini kwetu mchana kweupe. Sisi tulijifungia bafuni, watu saba pamoja na watoto. Yeye alikuwa uani na panga lake anakata majani makavu ya mitende ya jirani. Hakukimbia. Alisema kwa Kizulu, "Sanibonani bafana, nifunani?" yaani hamjambo vijana, mnataka nini, kisha akaendelea kukata, jani moja, jingine, anayakunja na kuyafunga vizuri kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Wakamwuliza ndani kuna nani. Akasema kuna mgonjwa anayekohoa damu, waingie wamsalimie. Wakaondoka. Alipotufungulia bafu alitukaripia kwamba tumetumia sabuni yake.

Kwa hiyo namjua pande zote mbili. Ndiyo maana hasira yangu ni nzito. Ingekuwa kwa mtu mbaya tu, ingeshakwisha.

Binti yangu Neema alizaliwa Februari 2010. Baba yake alikuwa Johannesburg kikazi, akija mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa. Aliyenipeleka kujifungua ni Mwenye Nyumba, aliyenipikia uji ni yeye, aliyemwogesha mtoto siku za kwanza ni yeye. Na kitovu kilipodondoka, aliyekiokota ni yeye. Kwetu Bukoba kitovu cha mtoto kinazikwa shambani, kwenye mgomba, na kwao alisema ni hivyo hivyo. Tulitoka asubuhi na mapema, yeye, mimi na mtoto, akachagua mche mchanga wa makemba ulio katikati, akachimba kwa kijiko cha chakula, akakizika pale. Nilifurahi. Nilijisikia mtoto wangu ana mahali. Siku hiyo hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia.

Tangu siku ile mche ule ukawa "wa mutoto". Na Mwenye Nyumba akawa na neno moja alilorudia kila jioni: baridi yake ya kwanza isiuue. Ukipita baridi ya kwanza, mtoto atapita kila kitu. Ukifa, hakusema itakuwaje, alifumba mdomo tu. Nilimwambia, Mama, hayo mambo ya zamani. Akanijibu, "Sawa. Wewe ulikuja na mutoto pale uani juu ya nini?"

Juni ile ilikuwa ya Kombe la Dunia. Durban nzima ilikuwa inapuliza tarumbeta. Saluni yetu Overport ilijaa kuanzia asubuhi. Kila mtu alitaka kusukwa na rangi za bendera, kijani na njano, na wageni wa nje wakaingia nao. Nilimwachia Mwenye Nyumba mtoto kutwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilea watoto wote wa nyumba ile. Blanketi la Neema lilikuwa la manjano, zito, lina bata weupe. Alilituma mama yangu kutoka Bukoba kwa mkono wa dereva wa lori, likapita nchi nne kufika. Mtoto hakuwa na jingine zito.

Siku moja mwezi ule upepo uligeuka ukawa wa kusini saa sita mchana, ukaja na mvua. Nilirudi jua linazama. Nikapita getini, nikaona mgomba wa mtoto umevaa blanketi la bata. Limezungushwa vizuri, limefungwa kwa vipande vya soksi ndefu za kike, juu limefunikwa mfuko wa plastiki lisiloe. Kazi safi kabisa. Nikaingia ndani mbio. Neema alikuwa amelala kitandani kwenye chumba ambacho kioo cha dirisha kilikuwa na ufa tangu tuhamie, amefunikwa khanga. Khanga moja. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyotaka kuikumbuka.

"Blanketi liko wapi?" nikapiga kelele, ingawa nilikuwa nimeliona.

"Iko kwa mugomba," akasema, akiwa anachambua sombe jikoni, majani ya muhogo tunayoita kisamvu. "Inapaswa kuwa bulangeti ya mutoto mwenyewe. Ingine haisaidii kitu."

"Na mtoto je?"

"Mutoto alikuwa kwa mugongo yangu kutwa. Nimemulaza sasa hivi."

Sasa hivi yake ilikuwa saa nzima, Mkenya alinithibitishia. Nilitoka nje nikalikata lile blanketi soksi kwa meno, nikarudi nalo limelowa upande mmoja, halifai kitu. Kesho yake mtoto alianza kukohoa. Siku ya tatu alikuwa anapumua kwa mbavu, nikamkimbiza hospitali, na muuguzi aliponiuliza alilazwa wapi na kwa kitu gani, nilimwambia khanga, akaandika, akaniangalia. Nimonia. Siku tisa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu pumzi za mtoto wa miezi minne, na watu wa nyumba za jirani walipuliza tarumbeta nje ya dirisha kila goli likifungwa.

Siku ya nne ya hospitali Mwenye Nyumba alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, ana chupa ya uji. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa: akisema samahani, namlilia kifuani, nasahau. Naapa, ningesahau. Nilitaka neno moja tu.

Akainama juu ya mtoto, akamshika mguu, akanigeukia uso unang'aa.

"Usiogope," akasema. "Mugomba wake uko muzima. Nimeufunga na gunia. Alors, basi, mutoto hatakufa."

Sijui nilimwambia nini. Walinzi wawili walikuja, na aliyetolewa nje kwanza ni mimi.

Neema alipona, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu kupona kwake kukawa ushahidi wa yule mama. Kanisani alisimama mbele akashuhudia jinsi mtoto alivyoshikiliwa na mgomba. Watu wakapiga makofi. Mtu alinisimulia nikiwa namsuka, nikamvuta nywele mpaka akapiga yowe. Kufikia hapo nilikuwa nimehamia Sydenham, chumba kidogo chenye madirisha mazima. Nilihama nikasahau blanketi kwenye kamba ya kuanikia nguo, na sikurudi kulichukua, kwa kiburi.

Kwa miaka mitano nilikutana naye mara chache. Sokoni, kwenye foleni ya teksi, mara moja kwenye robot, taa za barabarani, pale Overport, mimi upande huu, yeye upande ule, taa ikabadilika tukapishana katikati ya barabara. "Kifua ya mutoto?" akauliza, anatembea. "Kizima," nikajibu, natembea. Kila mara nilimpa nafasi. Nilipunguza mwendo kidogo, nikamtazama usoni, nikangoja. Kila mara aliuliza kifua, akapita.

Mgomba ule ulichukua zaidi ya miaka miwili kuzaa. Mkungu wa kwanza ulipokatwa alimtuma Mkenya aniletee kichane kizima saluni, kimefungwa kwenye kitenge. Nilisema sitaki, akitupe jalalani. Mkenya akakiacha juu ya meza akaenda zake, anasema yeye ni fundi simu, si mjumbe. Nikakipeleka nyumbani ili nikitupe mwenyewe. Nikamenya moja kuona tu kama zimeiva. Nikaikaanga, nikaila nimesimama jikoni, moto moto, na ilikuwa tamu, ilikuwa ndizi ya nyumbani kabisa, na nilikula nikilia kwa hasira kwamba kitu kitamu namna ile kimetoka mkononi mwake. Nyingine nilimkaangia Neema. Alimaliza sahani akaomba zaidi.

Aprili 2015 watu walifukuzwa tena mitaani. Safari hii hakuna aliyekuja getini Umbilo. Agenti ndiye aliyekuja, na barua. Wenyewe wanaitaka nyumba, uani wataweka zege la kuegesha magari. Nilisikia habari saluni. Nilisikia pia kwamba Mwenye Nyumba anaumwa, amehifadhiwa na waumini wenzake kwenye flati Overport, orofa ya tatu. Agosti nikapanda kwenda. Sikwenda kumwona mgonjwa. Nilienda kudai neno langu kabla hajaondoka nalo.

Alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, amejifunika makoti mawili ya watu. Amekonda. Kamba ya kiatu ilikuwa bado shingoni, haina funguo hata moja, imebaki dira peke yake. Mlango wa kibaraza ulikuwa wazi nusu, na nje, kwenye ndoo ya rangi, ulisimama mche wa mgomba umevaa blanketi la manjano lenye bata. Limechujuka, limeshonwa viraka, lakini bata ni wale wale.

"Kifua ya mutoto?" akasema.

"Mama, sikuja kwa kifua. Nimekuja kwa jambo moja. Sema samahani."

Akavuta makoti mpaka kidevuni. Halafu akaanza kunisimulia ua wake. Kwamba migomba yote aliikata yeye mwenyewe kwa panga lake, kumi na mmoja, ili vijana wa agenti wasiiguse. Kwamba alichimbua chipukizi moja tu, la ule wa mtoto, akalibeba kichwani kutoka Umbilo kwa miguu, kwa sababu madereva wa teksi walikataa udongo.

"Sijauliza migomba," nikasema. "Nimekuuliza Juni ile. Ulimvua mtoto wangu."

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuijua, "Nikisema pardon, ni kusema nilitaka mutoto akufe. Sikutaka. Mungu anajua. Kwa hiyo sisemi."

"Najua hukutaka. Ulifanya tu."

"Sisemi."

"Mama..."

"Inje iko upepo. Toka ufunge bulangeti muzuri, kamba imelegea."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitoka kibarazani. Kamba kweli ilikuwa imelegea. Sikuifunga, niliifungua. Nikavua lile blanketi kwenye mgomba, nikarudi ndani nikamtandikia. Blanketi la mtoto mchanga. Lilifunika miguu tu, toka magotini. Akalipiga teke.

"Rudisha!"

"Sirudishi."

"Mugomba utakufa!"

"Na wewe unatetemeka." Nikalitandika tena, nikalichomeka chini ya godoro pande zote mbili, nikaukandamiza mguu wake kwa mkono mpaka akaacha kushindana. Hakuwa na nguvu. Hilo nalo lilinikasirisha.

Tukatazama nje wote wawili. Majani yalikuwa yanapasuka upepo.

"Basi umubebe," akasema. "Ni wa kwako."

Nilibeba ndoo ile orofa tatu kwenda chini. Mlangoni upepo ulinipiga, jani la juu likachanika mbele ya macho yangu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimevua sweta langu nimeuzungushia. Dereva wa teksi alisema eish, huyo alipe siti. Nikalipa. Nilikaa na mgomba uliovaa sweta langu, mimi na blauzi, meno yanagongana, natukana kimoyomoyo njia nzima mpaka Sydenham.

Neema alikuwa ametoka shule ya awali, yuko mlangoni na jirani. Nikaiweka ndoo kwenye ukuta wa kaskazini. Akauliza huo ni wa nani. Nikamwambia ni wako. Akauzunguka mara mbili, akaona ncha ya juu haijafunikwa. Akavua kofia yake ya sufu, akanyanyuka kwa vidole vya miguu kuuvalisha.

"Vaa kofia yako!" Nilimfokea kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Nilimnyang'anya kofia nikamvalisha kwa nguvu mpaka ikamfunika macho. Akaanza kulia chini ya kofia, haelewi amekosa nini.

Nikapiga magoti kwenye udongo. Nikamwambia samahani. Nikamwambia tena: samahani mwanangu, hujakosea, mama amekosea.

Akapangusa pua kwa mkono, akasema haya.

Ilikuwa hivyo tu. Neno lilitoka, halikuniua, halikusema kwamba nilitaka mtoto alie. Mwenye Nyumba alizikwa mwezi uliofuata na blanketi lake la bata miguuni, samahani hakuwahi kuisema. Nilisimama kaburini na wenzangu wanaimba, mimi nimeuma meno, kwa sababu nilikuwa nimelipima mwenyewe neno lile na nikajua ni jepesi kiasi gani.